Gari imegoma asubuhi ya soko: kabla ya kulipa pompa, isikilize motere

Ilikuwa siku ya soko, mwisho wa mwezi wa kwanza, kwenye milima ya Lubero ambako baridi ya alfajiri inauma vidole. Hilux ya kooperative ilikuwa imepakiwa tangu jioni: magunia 10 ya viazi, bashi juu yake, kamba zimekazwa. Saa 11 ya asubuhi shofere akageuza ufunguo. Motere ikazunguka vizuri, kwa nguvu, lakini haikuwaka. Akageuza tena. Na tena. Mara ya nane ao ya tisa batri ikachoka, na ile sauti ya kuzunguka ikawa ya mutu anayepanda mulima na muzigo kichwani.

Vijana wakasukuma gari kwenye muteremuko mupaka chini. Haikushika.

Fundi kutoka mujini alifika kesho yake kwa pikipiki. Alilegeza matuyo ya enjektere, akazungusha motere, akatingisha kichwa: pompa ya enjeksio imekufa. Pompa ya okazio, alisema, ni dolari 650, na kazi yake dolari 100. Ndani ya sanduku la kooperative mulikuwa dolari 800, na zile dolari zilikuwa na kazi yake tayari: mbegu ya viazi ya saizoni B, ambayo inapaswa kuingia udongoni mara tu mvua inapotulia mwezi wa pili. Komite ikakaa usiku. Wengi walikuwa tayari kulipa, sababu viazi vilianza kutoa maji chini ya bashi, na kila mutu alikuwa anasema kesho tutatoka. Aliyekataa ni mama mutunza sanduku. Alisema hatatia sahihi mupaka asikie mutu wa pili.

Mimi nilikuwa pale kwa mafunzo ya kuchagua mbegu, si kwa mambo ya gari, na ninakiri kwamba kama ufunguo wa sanduku ungekuwa mukononi mwangu ningelipa.

Mutu wa pili alikuwa muzee wa kijiji cha jirani, aliyeendesha makamio ya kahawa miaka mingi. Alikuja kwa muguu siku ya ine. Mufukoni alikuwa na taa ndogo ya volti 12 iliyofungwa waya mbili, na kisu. Hiyo tu.

— Papa, fundi amesema ni pompa, shofere akamwambia.

— Nimesikia. Na gari yenyewe inasema nini?

Inazunguka ao haizunguki?

Hilo ndilo ulizo la kwanza, na watu wengi wanaliruka. "Gari haiwaki" ni magonjwa mawili tofauti. Kuna gari ambayo motere haizunguki, na kuna gari ambayo motere inazunguka lakini haishiki moto. La kwanza ni jambo la umeme na demarere. La pili ni jambo la mazutu ao la joto. Mutu anayechanganya hayo mawili atanunua demarere wakati mazutu ndiyo imekatika, ao pompa wakati batri ndiyo imekufa.

Kama haizunguki, washa taa kubwa za mbele, halafu mutu mwingine ageuze ufunguo huku wewe unaangalia. Taa zikizimika ao kubaki nyekundu kama makaa, nguvu haitoshi: batri imekwisha, ao vichwa vya batri vimelegea, ao vimejaa ule unga mweupe na wa kijani. Taa zikibaki na nguvu zake zote na unasikia "tak" moja tu, batri iko muzima, angalia demarere. Ukisikia "tak-tak-tak-tak" ya haraka, rudi kwenye batri.

Kabla ya kununua batri mupya, ondoa vichwa vyote viwili kwa kle ya 10, ukianza na ule wa masi. Osha kwa maji ya moto, sugua mupaka risasi ing'are, kaza tena vizuri. Fuata pia kable ya masi mupaka inapofungwa kwenye motere na kwenye mwili wa gari, maana kutu ya pale inaficha nguvu hata kama batri ni ya jana. Ukiwa na multimetre, batri iliyojaa na iliyopumzika inaonyesha volti 12,6 hivi. Kwenye 12,2 imebaki nusu. Chini ya 12 usiipoteze nguvu kwa kujaribu-jaribu. Na sigara iwe mbali: batri inayochajiwa inatoa hewa inayolipuka.

Kuhusu "tak" moja: kwenye demarere nyingi za Toyota, kinachokwisha ni vipande viwili vidogo vya shaba ndani ya kichwa chake. Vinauzwa peke yake. Fundi anayekuambia ununue demarere nzima, muombe kwanza akufungulie kile kichwa uone shaba kwa macho yako.

Gari yetu ilikuwa inazunguka. Basi muzee akaacha umeme wa demarere na kwenda nyuma ya gari.

Moshi

Alisimama karibu na bomba la moshi. Batri tulikuwa tumeichajia kwenye panneau ya mwalimu tangu jana. "Geuza, sekunde 10, usipite," akasema. Motere ikazunguka. Halafu akatuuliza sote tuliosimama pale:

— Munaona moshi?

— Hapana, papa. Hakuna.

— Hata kidogo?

— Hata kidogo.

Hapo ndipo kesi ilipoanza kufunguka, na hapo ndipo ningependa kila shofere wa kooperative akae kidogo.

Motere ya mazutu ya zamani kama hii, 3L ya litre 2,8, haina buji ya kutoa cheche kama pikipiki. Inavuta hewa, inaibana mara 22 hivi mupaka hewa yenyewe inakuwa moto sana, halafu pompa inasukuma mazutu kidogo ndani na mazutu inajiwakia. Haihitaji kompyuta. Inahitaji kuzunguka kwa haraka, joto, na mazutu. Ikiwa mazutu imefika ndani lakini haikuwaka, itatoka nyuma kama moshi mweupe unaochoma macho. Ikiwa hakuna moshi hata kidogo, mazutu haifiki. Moshi mweupe: tafuta joto. Hakuna moshi: tafuta mazutu. Ulizo hili halina gharama, na linakata kazi nusu.

Mazutu ya kwetu haikuwa inafika. Lakini je, ni pompa? Muzee akasema pompa ni mutu wa mwisho wa kushitakiwa, sababu ndiye ghali kuliko wote.

Kwenye pompa za namna hii kuna kitu kidogo cha duara, kama kidole gumba, chenye waya moja tu juu yake. Ni elektrovane. Ukifungua kontakte, umeme unaivuta na mazutu inapita. Ukifunga, inarudi na kuziba, ndiyo namna motere inavyozimika. Bila umeme pale, pompa nzima ni kama bomba la maji ambalo mutu amelifunga: hakuna kilichoharibika, na hakuna kinachotoka. Ndiyo sababu pia kusukuma gari hakukusaidia kitu. Watu wanasema gari ya mazutu ikisukumwa itawaka tu. Itawaka, ikiwa elektrovane inapata umeme.

Muzee akainama, akaweka sikio karibu, shofere akafungua na kufunga kontakte. Kimya. Ilipaswa kusikika "tak" ndogo. Akachukua taa yake, waya moja kwenye chuma cha motere, nyingine kwenye ule waya wa elektrovane. Kontakte iko wazi, taa haikuwaka. Akaangalia fizible: nzima. Basi umeme unapotea njiani. Akaanza kufuata waya kwa vidole, polepole, kutoka pompa kwenda nyuma, mupaka nyuma ya batri. Akasimama. Akaingiza mukono na kutoa majani makavu, maganda ya maharagi, na kipande cha gunia.

Nyumba ya panya.

Ile Hilux ilikuwa inalala ndani ya depo, ubavuni mwa mahindi, ili isiibiwe betri. Wazo lilikuwa zuri. Lakini panya anayeishi na mahindi anapenda pia mahali pa joto, na motere iliyotoka kazini jioni inabaki na joto saa nyingi. Akatengeneza nyumba yake pale, na akatafuna waya tatu. Mbili zilikuwa zimechunwa ngozi tu. Ya elektrovane ilikuwa imekatika kabisa.

Muzee akachukua kipande cha waya, akatoa umeme kutoka kwenye chanya ya batri mupaka elektrovane. Tukasikia sote: "tak". Mama mutunza sanduku akacheka kwa sauti.

Namna hii ya kupitisha waya ni ya kupima tu. Motere ikiwaka hivyo, haitazimika kwa ufunguo. Itazimika ukiondoa ule waya. Na waya usio na fizible ukigusa chuma unaweza kuchoma gari. Baada ya kupima, unga waya ya kweli, funga vizuri na ruban, uirudishe kwenye njia yake.

Hewa kwenye matuyo

Lakini motere haikuwaka bado. Shofere akasema labda kweli ni pompa. Muzee akamuuliza ni nani aliyefungua matuyo siku ya pili. Kila pahali palipofunguliwa paliingiza hewa, na pompa inayosukuma hewa haisukumi mazutu.

Kutoa hewa ni kazi ambayo kila shofere anaweza kuifanya. Juu ya filtre ya mazutu kuna kitufe cha kupompa kwa mukono. Pompa mupaka kiwe kigumu. Kisha legeza nati za matuyo kwenye enjektere, kle ya 17, nusu duara tu, halafu mwenzako azungushe motere. Kwanza utaona povu, halafu mazutu safi. Kaza moja kwa moja. Uso na mikono viwe mbali: mazutu inayotoka kwa pompa ina nguvu ya kupenya ngozi, na ikiingia mwilini ni jambo la hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda kinaonekana kama tundu la sindano. Usizungushe zaidi ya sekunde 15 kwa mara moja. Acha demarere ipumzike dakika moja.

Na neno hili lisisahaulike: ninasema juu ya motere za zamani, zenye pompa ya kawaida. Kwenye Hilux za D-4D na gari zote za kompyuta, usilegeze tuyo hata moja. Nguvu ya mazutu mule inapita bari 1.000, na inaua.

Kama kile kitufe hakikazi hata ukipompa mara 50, hewa inaingia mahali. Mara nyingi ni tuyo ya mupira iliyopasuka, ao mupira wa ndani ya kile kitufe chenyewe. Gari ya namna hiyo ina tabia yake: jioni inawaka vizuri, asubuhi inawaka sekunde tatu na kuzimika, halafu inakataa. Usiku mazutu imerudi kwenye tanki.

Muzee alituonyesha pia kipimo cha bidoni, na mimi nakipenda kuliko vyote. Chukua bidoni ya litre 5 yenye mazutu safi, iweke juu kuliko motere, na tuyo safi itoke kwenye bidoni kwenda moja kwa moja kwenye mulango wa pompa. Toa hewa, zungusha. Motere ikiwaka na kuendelea kunguruma, pompa yako ni nzima. Ugonjwa uko nyuma: tanki, matuyo ao filtre. Fundi yeyote anayetaka kuuza pompa akubali kwanza kipimo hiki mbele ya komite. Kinachukua nusu saa.

Maji, baridi, na mukanda

Gari yetu haikuwa na maji kwenye mazutu, lakini tulifungua kizibo cha chini ya filtre hata hivyo, na yakatoka maji ya rangi ya chai, karibu nusu glasi. Hakuna aliyeshangaa. Mazutu tunayonunua kwa Kadhafi kando ya barabara imepita kwenye fute na bidoni nyingi, nyingine zimekaa nje kwenye mvua. Maji ni mazito kuliko mazutu, yanakaa chini. Basi bidoni ilale usiku kucha bila kutikiswa, na asubuhi mimina polepole, ukiacha vidole viwili vya mwisho ndani. Kitambaa kinakamata uchafu, maji yanapita. Fungua kizibo cha filtre kila wiki katika musimu wa mvua. Maji yakifika kwenye pompa yanaleta kutu, na hapo ndipo siku moja zile dolari 650 zitakuwa za kweli.

Kwa wale wa milimani, kuna jambo la buji za kupasha moto. Dalili yake ni kinyume cha ya kwetu: moshi mweupe muwingi, motere inakohoa, haishiki mupaka jua litoke. Taa ya njano kwenye tablo isikudanganye. Ile inahesabu wakati tu. Itawaka na kuzimika hata kama buji zote ine zimekufa. Ondoa kile kipande cha chuma kinachoziunganisha, funga waya moja ya taa ya kupimia kwenye chanya ya batri, na nyingine igusishe kichwa cha kila buji. Taa ikiwaka, buji iko muzima. Isipowaka, imekufa. Gari yenye buji mbili zilizokufa inaweza kuwaka Beni kwenye joto na kukataa Lubero.

Usipulize ile dawa ya kuwashia ndani ya filtre ya hewa kwenye gari yenye buji hizi. Nimeona mashofere wanaifanya na kusifiwa. Dawa inakutana na buji nyekundu, inalipuka kabla ya wakati, na inaweza kupasua pistoni. Petroli na esanse vilevile hazina kazi pale.

Jambo moja tu linapaswa kukuzuia kuendelea kujaribu. Ukisikia motere inazunguka kwa wepesi kuliko kawaida, bila ule mugongo-mugongo wa kubana hewa, acha ufunguo mara moja. Labda mukanda wa ndani umekatika, ule unaoendesha pompa na mavalvu. Hapo usisukume gari, usizungushe tena, itana fundi. Kwenye Toyota nyingi za mazutu mukanda huu unabadilishwa kila kilometa 100.000, na taa ya T-BELT kwenye tablo inawaka kukumbusha. Gari ya okazio ikifika kwetu ile taa mara nyingi imeshazimwa na mutu, na hakuna anayejua mukanda una umri gani. Kama kooperative yenu imenunua gari hivi, ulizeni leo.

Saa 5 ya muchana wa siku ya ine, Hilux iliwaka. Kwanza moshi mweupe, kukohoa, halafu ikatulia. Watoto wakapiga makofi. Kesho yake ilifika Butembo, lakini siku ya soko kubwa ilikuwa imepita. Katika magunia 10, mawili yalikuwa yameoza chini, mengine yakauzwa kwa bei ya mutu anayejua kwamba wewe una haraka. Fundi wa mujini alilipwa dolari 30 za safari yake. Komite ilibishana juu ya hilo muda murefu, na bado kuna wasioridhika. Muzee alikataa pesa, akachukua ndoo ya viazi.

Mbegu ya saizoni B ilinunuliwa. Gari sasa inalala nje ya depo, chini ya paa yake ya mabati, na shofere anafungua kofia ya motere kila asubuhi kabla ya kugusa ufunguo, kutazama kama kuna majani. Batri inaondolewa usiku na kulala nyumbani kwa mulinzi. Taa ya kupimia wameinunua yao. Iko ndani ya sanduku la kooperative pamoja na daftari la akiba, na anayetaka kuiazima anaandika jina lake mbele ya mama.